Nafasi Chini ya Gazeti la Ukutani

Nyabiyonza, majira ya kuchuma kahawa

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua, marahaba sitaipata. Lakini mkono wangu unakataa kukuandikia bila salamu, na wewe ndiye uliyeuzoeza hivyo.

Tangu tukuzike kibanjani kwako, kati ya migomba, nafundisha Kiswahili lile darasa lako la tano. Gazeti lako la ukutani bado lipo. Watoto wanaandika, wapita njia wanasoma. Ila liliponea chupuchupu! Mkuu mpya wa shule alisema watoto wanaanika mambo ya nyumbani kwao, wazazi watakuja juu. Akataka tulibandue. Nililia, Mwalimu. Niliona kama tunakuzika tena.

Nikamwomba toleo moja tu la mwisho. Nikabandika karatasi kwa uji wa muhogo, na chini ya kila habari nikaacha ile nafasi yako ya msomaji kujibu. Unakumbuka mbuzi walivyofuata uji wakala na habari zote? Ulicheka hadi ukakaa chini. "Angalau tuna wasomaji," ulisema.

Sasa sikia. Adventina, wa darasa letu, aliandika kwamba mdogo wake haji shule kwa sababu anashinda akilinda kahawa iliyoanikwa, kuku wasiichakure. Jumapili tulipotoka kanisani, hapo jirani na shule, baba yao akasimama kusoma, kidole kikifuata mstari. Mkuu akanikata jicho. Mzee akaomba kalamu, akaandika polepole: "Nimesoma. Kesho atakuja. Kuku nitawafukuza mimi."

Na kesho yake mtoto akaja, miguu imepakwa mafuta mpaka inang'aa.

Mkuu hajataja tena kulibandua gazeti. Tena juzi nimemkuta pale ukutani, fimbo mkononi, anawafukuza mbuzi huku akiwatukana kwa Kinyambo. Nilijificha nyuma ya darasa nikacheka. Nikageuka nikuonyeshe. Hukuwepo. Ee Mwalimu, hapo ndipo inaponiuma.

Pumzika sasa. Maadamu nina pumzi, na muhogo haujaisha shambani, ukuta ule hautabaki mtupu. Nakuahidi.

Mwanafunzi wako,
Koku

Hapa chini nimekuachia nafasi. Hata marahaba tu ingetosha.