Gundi Ilikuwa Yako, Baba Mariamu

Baba Mariamu,

Wengine huanza na "mpendwa". Mimi sianzi hivyo. Nina miaka sabini na ushei, muda wa uongo sina.

Ulipoaga dunia Mahajanga, imamu alisimama mbele ya nyumba kabla jeneza halijainuliwa, akasema mwenye kumdai marehemu amsamehe. Watu wote wakaitikia: wamesamehe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikafunga mdomo. Mariamu aliniona. Tangu siku hiyo binti yetu hanipi pumzi: "Mama, mwachie baba radhi yako. Arobaini inakaribia, usimwache na mzigo kaburini."

Haya. Nimekubali, kwa sharti moja. Barua hii isomwe siku ya arobaini, mbele ya watu, maana ulilonitenda ulinitenda mbele ya watu. Naiandika kwa Kiswahili cha marehemu baba yangu, kwani kwa Kimalagasi mimi na wewe tuligombana vya kutosha. Mariamu atawafasiria wasioelewa. Asiruke neno.

Nianze na lililo zuri, nisije nikaitwa mchawi. Mwaka ule Wangazija walipowindwa Mahajanga nyumba kwa nyumba, baba yangu aliondoka kwenda Ngazija na nguo alizovaa tu, akaniachia msumeno wake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kazi ya mbao alinifunza mimi. Wewe hukuwa Mngazija, hakuna aliyekutafuta. Ungeweza kuwafungulia mlango ukaenda zako. Ulisimama mlangoni mikono mitupu, mbele ya watu wenye mapanga, ukawaambia: "Huyu ni mke wangu. Wa kuanza, aanze na mimi." Wakaondoka. Kesho yake ukanivusha ghuba mpaka Katsepy kwa shangazi yako, na baada ya wiki kadhaa tukafika kisiwani Nosy Be. Nilikupenda, mume wangu. Nilikupenda hata nikawa mjinga.

Kule Nosy Be, uani kwetu, ndiko nilikoanza vile vibao vya kukatia samaki na mboga. Wewe hata randa hukujua kuishika, na Mungu shahidi. Nilikuwa nalaza ubao mweusi wa palisanda juu ya ubao wa njano wa mfenesi, nazibana kwa kamba na kabari, nachora mkunjo, yaani mstari mmoja uliopinda, nazikata zote mbili kwa pamoja. Kisha nabadilisha: kipande cha huku kinakwenda kule, cha kule kinakuja huku. Pengo lililoliwa na msumeno nalijaza utepe mwembamba wa mbao niliolainisha kwa maji ya moto ukakubali kupinda. Kwa hiyo vibao vilizaliwa pacha, kimoja kushoto cheusi na kulia cha njano, kingine kinyume chake, na utepe ukiwa mchirizi katikati. Wewe ulinishikia utepe usifyatuke. "Taratibu, fundi," ulikuwa ukiniambia. Fundi! Tukiwa wawili tu uani neno hilo ulilijua.

Lakini mtu akipiga hodi, mimi nilijifunga leso nikaingia jikoni, na fundi akawa wewe. Ulitengenezesha chuma chenye jina lako, ukawa unakichoma moto na kupiga chapa nyuma ya kila kibao. Niliona ndiyo heshima ya nyumba, mume asimame mlangoni. Ujinga huo ni wangu, sikusingizii.

Ndipo hoteli moja ya ufukwe wa Ambondrona, pale pale kisiwani, ikaagiza vibao vya jikoni. Mimi nilitumia gundi ya mafundi mashua, ile isiyoogopa maji. Ina udhia mmoja tu, inataka siku mbili ikauke. Nilibakisha vinne sijaviunga, nikaitwa kwa jirani aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Nawe ulikuwa umewaahidi watu wa hoteli kwamba mzigo utafika kabla ya Idi. Ukafanyaje? Ukachemsha sherizi, gundi ya ngozi ya ng'ombe, ya kuungia viti na vitanda. Inakamata upesi, sikatai. Lakini kiti nani anakiosha? Kibao cha jikoni kinaoga kila siku, na sherizi ikiona maji ya moto inarudi kuwa mchuzi. Niliporudi vibao vimekwenda na sufuria ingali inanuka. Nikakuuliza. Ukacheka: "Gundi ni gundi."

Wiki mbili hazikupita, mpishi wa hoteli akaja na gunia, akalimwaga uani. Michirizi yangu ilikuwa imechomoka kama mbavu za samaki aliyeliwa.

"Samaki wangu wananuka ngozi!" alifoka. "Fundi ni nani hapa?"

Ilikuwa Ijumaa, majirani wametoka kuswali, wamejaa tele langoni. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, nakungoja wewe. Nilijua mwanamume aliyesimama mbele ya mapanga hawezi kushindwa na mpishi. Ukageuka, ukanionyesha kwa kidole.

"Ah, kazi ya mke wangu hiyo. Nilimwachia achezee tu. Mwanamke na mbao, wapi na wapi?"

Watu wakacheka. Nawe ukacheka nao.

Loo, Baba Mariamu! Vibao vizima miaka yote vilikuwa vyako, vilipoachana vikawa vyangu. Mara ya kwanza kunitaja mbele za watu, ukanitaja kwa kosa lako mwenyewe. Baada ya hapo nani angeniletea ubao? Hata dada yako alipotaka kabati alikwenda kwa mwingine. Mikono hii ikageuka ya kukaanga vitumbua.

Wewe ukahamia Mahajanga, ukaoa mke mwingine. La mke silisemi. Lakini uliondoka na karatasi zangu za kuchorea mikunjo, ukaajiri wachongaji, mji mzima ukakuita Fundi. Siku ya maziko wazee walikuwa wanafuta machozi: "Fundi ametuacha." Fundi yupi? Ndiyo maana mdomo wangu ulifungika.

Mariamu ananiambia, "Mama, ni neno moja tu, la zamani." Neno moja! Baba yangu alipoteza nyumba, mji na majirani. Alichoweza kunirithisha ni kazi yake. Wenye mapanga hawakuipata, maana hukuwafungulia. Ukaja kuinyakua wewe, kwa kumwogopa mpishi.

Basi. Waliokuja kukusomea hitima wamesikia. Mkunjo ulikuwa wangu, sherizi ilikuwa yako. Kama Mariamu ameyasoma yote haya kwa sauti, mbele ya wazee wanaokuita Fundi, basi nimekusamehe, lala salama. Kama ameruka hata neno moja kwa kukuonea haya, sijasamehe kitu, na tutaonana huko huko, mbele ya Yule asiyehitaji kusomewa.

Mama Mariamu,
fundi