Yiu-fai Hayupo

Cairns,
9 Aprili

Dada yangu mpendwa Suk-han,

Salamu nyingi zikufikie huko Macau. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa? Sisi huku tu wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha.

Karatasi yako ya majina ya kuchongwa kwenye kaburi la mama niliipata Jumatatu, nikampelekea Mzee Lum, mchonga mawe. Uliniuliza pia, mara ya tatu sasa, kama mama alisema lolote mwishoni. Nilikujibu kwamba alilala tu kwa amani. Dada, nilikudanganya.

Unajua mama alivyokuwa. Kanisani hakuna aliyemshinda kuoka keki za nazi, na siku za raga alipiga kelele kuliko wanangu. Lakini siku za kufagia makaburi zikifika, anachemsha kuku wake mzima, anafukiza udi, anawaandalia wazee wetu waliokufa chakula chao. Yeye hakuona shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi. Nilivionea haya vijiti vyake vya kulia na samaki wake wakavu. Nilipoanza shule mwalimu alinipa jina Desmond, na jioni ile ile nikamkataza mama kuniita vingine. Nilikuwa na miaka sita. Akatii maisha yake yote, Desi huku, Desi kule. Hata wewe kwenye barua huniita mdogo wangu tu.

Wiki ile hospitalini Kiingereza chote kilimtoka. Akabaki na Kikantoni, ambacho mimi sikijui zaidi ya kuomba wali. Siku mbili nzima alimwita mtu: Yiu-fai, Yiu-fai. Muuguzi akaniuliza huyo ni nani, tumpigie simu. Nikasema simjui. Moyoni nilidhani ni bwana wake wa zamani, nikaona uchungu kwa ajili ya baba. Mwishowe nilimwinamia nikamwambia, "Yiu-fai hayupo, mama. Nipo mimi tu, Desi."

Akanitazama, kisha akageukia ukutani. Hakuita tena.

Jana Mzee Lum alinisomea kwa sauti karatasi yako ya Kichina. Binti, Suk-han. Mwana, Yiu-fai. Nikamwambia dada amekosea. Akacheka, "We bwana, jina lako mwenyewe hulijui?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la mawe. Najichukia, dada, sina neno jingine.

Nimemwambia Mzee Lum alichonge. Nisalimie shemeji na watoto wote. Jina langu hilo ningelitia hapa chini kwa herufi za kwetu, ila karatasi imebaki kwa Mzee Lum, nami sijui linavyoandikwa.

Mdogo wako,
Desmond