Gari Ulilochimbia, Tata

Tata yangu mpendwa,

Gari limefika, ni mwezi wa pili sasa. Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani yake, hapa uani kwetu Musonoi, Kolwezi, kando ya ukuta ule ulioanza kuujenga na ambao mpaka leo hakuna aliyeumaliza. Ni dogo, jeupe, la viti vinne, na watu wa mtaa wameshalipa jina: friji. Nilikasirika siku mbili, kisha na mimi nikaanza kuliita hivyo hivyo.

Ni miaka mitatu tangu tukuzike, baba yangu, na sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu kuna jambo lazima nimwambie Mama kabla ya Jumapili, nami sina moyo wa kulisema. Nimeona nianze na wewe.

Unakumbuka lilivyoanza? Ulikuwa umetoka shimoni, umeoga, lakini vumbi jekundu limebaki nyuma ya masikio kama kawaida yako. Mimi nilikuwa natazama simu badala ya kumaliza sketi ya mteja. Nikakuonyesha gari dogo la umeme linalouzwa Uchina. Ukauliza linakunywa nini.

"Haikunywaka kitu, Tata. Banaichaji sawa simu."

"Na betri yake banaitengenezaka na nini?"

Nikasoma. Nilipofika kwenye neno kobalti, jiwe lako la kila siku, ulininyamazisha, ukautazama mkono wako wa kulia, huku na huku.

"Basi, Mujinga, mukono yangu iko mule ndani."

Tangu siku hiyo tukawa wagonjwa wa bei. Mimi nasoma, wewe unauliza. Gari lile lile, rangi ile ile: Uchina bei yake ilikuwa ndogo hata ukadhani nimeruka sifuri. Ulaya, zaidi ya mara mbili. Ukataka kujua kama ni bahari ndiyo inayokula pesa yote hiyo. Nikakusomea kwamba bahari haili sana. Kule sheria inadai vitu vingi zaidi ndani ya gari, kodi nazo zipo, na tena muuzaji hupima mfuko wa mnunuzi kabla ya kutaja bei. Hiyo ya mwisho uliielewa upesi kuliko zote. Kisha tukampigia mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, tukamuuliza la kwetu ni bei gani, tena lililokwisha kutumika. Alipotaja bei ulicheka, ukaacha kucheka, ukatoka nje.

Uliporudi ulinieleza kwa mawe, maana wewe kila kitu ulikieleza kwa mawe. Jiwe likiwa mdomoni mwa shimo lina bei moja, ukasema; likifika depo, kwa mnunuzi, lina nyingine, likivuka mpaka lina nyingine tena, na kila linapotuacha linapanda. Gari nalo linatoka huko kwao na bei ya chini, na kila linapotukaribia linapanda.

"Siye tuko mwanzo ya njia ya mawe na mwisho ya njia ya magari," ulisema. "Njo maana banatukamata pande zote mbili."

Hukuwa na uchungu uliposema hivyo, au uliuficha vizuri. Nilikuwa nimezoea kukuona ukificha. Ulikuwa unaweka jiwe kiganjani, unafumba macho, unalipima kwa uzito na ubaridi wake, kisha unataja tenere, yaani kiasi cha kobalti kilichomo kwa kila mia. "Hii, tatu." Kule depo mnunuzi analigusisha kimashini chake, anasema moja na nusu. Hukubishana hata siku moja. Ulirudi nyumbani ukatuambia sisi ile tatu, nasi tulikuamini wewe. Nilikuwa najivunia sana mkono wako, Tata. Sikuwahi kukwambia.

Halafu kifua kikaanza. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, wewe ukasema ni baridi ya Juni. Siku zako za mwisho Mama alikuwa anakaa kitandani kwako, amekushika miguu, na ndipo ulipomwambia yale maneno: "Siku Mujinga atanunua ile gari, uipande. Mi niko ndani." Nilikuwa pale. Nilijua ulikuwa unamtania ili asilie. Lakini wewe unamjua Mama. Kwake, neno la mtu anayekufa ni wasia.

Basi tukanunua. Mimi na wadogo zangu wawili tulikusanya, nikauza cherehani ya kudarizi, tukaagiza moja lililotumika. Likapita Dar es Salaam, likakwama Tunduma kwa ajili ya karatasi, ikabidi niende mwenyewe. Kule karani akasoma jina langu, akavua miwani. Akaniuliza kwa upole mwingi ni nani aliyenitukana hivi kwenye hati. Nikamweleza kwamba kwetu Mujinga ni mtoto wa kike aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, jina la heshima. Akaomba radhi. Nikamwambia, kwa bei niliyolipia gari hili hadi hapa, hujakosea sana. Tulicheka wote wawili, akagonga mhuri. Zambia nzima, gari likiwa juu ya lori, nilikuwa bado nacheka peke yangu, kisha Kasumbalesa, mpakani kwetu, wakanitajia ushuru nikaacha.

Linatufaa, usidhani. Umeme ukija tunakimbilia waya. Usipokuja, kuna paneli mbili juu ya bati. Nawapeleka akina mama wajawazito hospitali na wauza mboga sokoni. Petroli inapanda, mimi haininyimi usingizi. Na Mama amelipanda, kama ulivyosema. Kila asubuhi anaweka kiganja juu ya boneti kabla ya kuingia. Sokoni, pale anapouzia makala yake, mkaa wa kutoka Mutshatsha, hakuna asiyejua. "Bwana yangu eko mule," anawaambia. Jumapili hii baada ya misa katekista atakuja kulibariki kwa jina lako. Kuku ameshatengwa.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita gari lilikuwa linachaji polepole, nikalipeleka kwa Tata Kazadi, yule fundi umeme mzee uliyekuwa unapatana naye. Akainua kiti cha nyuma, akafuta kibandiko cha betri kwa kidole, akasoma. Nikamwambia kwa majivuno aangalie vizuri, hiyo ni kobalti ya baba yangu.

Alikisoma kibandiko mara ya pili.

"Mujinga, humu hamuna kobalti," alisema. "Hii betri ni ya chuma na fosfati. Njo ile banatiaka mu magari ya bei ya chini."

Nikamwambia hakuna mtu Kolwezi asiyejua kwamba gari la umeme ni kobalti. Akasema ni kweli, hata yeye alidhani hivyo mpaka alipoanza kuyafungua. Kobalti wanaiweka zaidi kwenye yale makubwa, yanayokwenda mbali bila kuchajiwa, yanayouzwa kule kwenye mifuko mirefu. Haya madogo yameweza kushuka bei kwa sababu wamejifunza kuyatengeneza bila jiwe letu.

Nilirudi nyumbani nikiendesha na machozi. Niliwakasirikia wao walioliunda, kisha nikakukasirikia wewe, kisha nikaona aibu. Gari pekee ambalo watu kama sisi wanaweza kulinunua ndilo lisilokuwa na kitu chako ndani. Ulipoteza kifua chako, na hata kiti kimoja cha kukaa hukupata. Siku tano sasa namtazama Mama akiweka kiganja chake pale mbele, nami nimefunga mdomo. Nikimwambia, namnyang'anya mume mara ya pili. Nisipomwambia, katekista atakuja kunyunyizia maji uongo wangu.

*

Tata, naendelea. Ni Jumamosi mchana. Nimemwambia.

Nilimwambia humu humu ndani, gari limesimama, amepakata mfuko wa makala miguuni. Nilieleza yote, chuma, fosfati, bei, maneno ya Tata Kazadi. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alitazama mbele, kwenye ukuta wako. Nilidhani hakusikia.

"Njo kusema yeye hayuko mule?"

"Hayuko mule, Mama. Unisamehe."

"Na kobalti ya mutu mwingine?"

"Hata ya mutu mwingine."

Alishusha pumzi ndefu.

"Kumbe hii gari haikuua bwana ya mutu," akasema. "Aksanti Mungu. Mi kila siku nilikuwa naona sawa vile nakalia juu ya kifua yake."

Miezi miwili alikuwa anaomba ruhusa kwako kwa kile kiganja, nami nilidhani anakusalimia. Najua kwamba chuma nacho kinachimbwa, na shaba iliyomo kwenye nyaya imetoka shimo fulani, pengine hapa hapa, na huko pia kuna mtu mwenye kifua. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia, na sitamwambia.

Amesema katekista aje tu, kuku yupo, lakini abariki magurudumu na barabara, na wewe uliyekufa akuombee kanisani kwa heshima yako. Kisha akataka nimpeleke sokoni kabla jua halijawa kali. Tulipopita mzunguko wa mjini nilimsemesha, hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amesinzia, Tata, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Sikuwahi kumwona akisinzia humu. Nikapunguza mwendo, nikapita soko, nikazunguka mji mzima polepole ili asiamke.

Lala na wewe huko uliko. Huku Mama tunaye, tunamtunza.

Mimi, binti yako mkubwa