Baba Mdogo Yuko Chuoni

Jumapili, 5 Mei

Tumefika. Hosteli inanuka soksi zilizolowa. Wameweka zulia hadi bafuni — bafuni! — na ukilikanyaga linatoa maji. Nani alikaa akafikiri, akaona hapa panafaa zulia? Na hawa ndio tumesafirishwa kuja kujifunza usanifu kwao.

Nimepangwa chumba kimoja na Malkia. Tumesoma naye tangu mwaka wa kwanza, nikasema afadhali yeye. Kumbe! Kachemsha mayai ndani ya birika la chai. Birika letu sote. Ganda bado linaelea humo. Chai nitakunywa nikirudi kwetu.

Baba kapiga simu. Nisisahau kumtafuta baba mdogo, yuko chuo hiki hiki. Nisisahau! Nitamsahauje, wakati tumekua tukitandikwa kwa jina lake? "Mdogo wangu yuko chuo kikuu ng'ambo," baba huwaambia wageni, huku akiwaonyesha picha ukutani. Mimi sijamwona ana kwa ana tangu nikiwa chekechea. Baba anasema baba mdogo kaahidi kunitembeza Jumamosi.

Jumatatu, 6 Mei

Makumbusho ya viti. Viti kutwa, na marufuku kukaa. Miguu imevimba.

Mwalimu wetu tunamwita Ndiyo-Ndiyo. Mwenyeji akifungua mdomo tu, yeye kichwa kinatikisika. Leo kamtikisia Bibi Miwani, mwalimu wa hapa: kuanzia kesho tunachora mtu mzima, akiwa uchi, siku tatu. Picha hiyo ndiyo mtihani. Asiye na picha anarudia mwaka.

Uchi! Malkia kacheka hadi kapaliwa. Mimi nimesema nitafumba jicho moja nimalize.

Jumanne, 7 Mei

Nimechafukwa. Nimeoga mara mbili kwenye lile bafu la zulia na bado.

Studio ina joto la mashine, inanuka mkaa wa kuchorea na jasho la watu. Katikati jukwaa la mbao. Kaingia mwanaume mtu mzima, kavaa koti la kuogea. Kalivua, kalikunja vizuri kama mtu anayeingia kulala, kapanda, kasimama. Tumbo limeshuka. Magoti yana sugu. Malkia kaninong'oneza kwamba wangetafuta hata kijana, si gunia lile. Nikacheka! Mungu nisamehe, nilicheka.

Nikamtazama usoni, ili macho yasiende kwingine. Paji la uso la baba. Masikio ya baba. Ile picha ya ukutani kwetu, ongeza mvi.

Baba mdogo.

Naye kaniona, najua kaniona, kwa sababu kidole gumba cha mguu kilijikunja. Kingine chochote hakikutikisika. Hata kope. Na mimi natakiwa nimwamkie! Utamwambiaje shikamoo mtu aliye vile? Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu ndipo aingie chumba cha mkubwa wake, na mimi nimepewa kiti cha mbele, mwanga wa taa umemwagwa, naambiwa nipime kwa penseli urefu wa paja.

Sikuchora. Nilichonga penseli hadi ikaisha. Wenzangu walikuwa wanakwaruza tu, kwaru kwaru, kama panya kwenye dari. Anayejua kuchora tumbo alilichora, na mwingine akaliongeza ukubwa.

Siwezi kumwambia mtu. Nikimwambia Malkia, nyumbani watajua kabla mimi sijashuka kwenye ndege. Baba atazimia.

Jumatano, 8 Mei

Leo tena. Karatasi nyeupe. Ndiyo-Ndiyo kapita nyuma yangu, kauliza kama nangoja iote. Nikamwambia tumbo linaniuma.

Wakati wa mapumziko baba mdogo kanifuata koridoni, kajifunga lile koti, miguu pekupeku. Nikatazama ukuta. Shikamoo ikatoka hivyo hivyo, kwa ukuta. Kaitikia marahaba kwa furaha kabisa, kauliza habari za nyumbani, za bibi, za mguu wa baba! Anasimama pale na vile vinywele vya kifuani, ananiuliza kuhusu mguu wa baba!

Nikalipuka. Kumbe ndiyo kazi yenyewe? Si tuliambiwa uko chuo kikuu?

Akaniuliza kwani hapa ni sokoni? "Nilisema niko chuoni. Suti mmenivisha wenyewe."

Akasema hakuna hapa anayekaa saa nzima bila kutikisika kumshinda yeye. Anasema kwa majivuno! Halafu akashusha sauti. Baba asijue. Nikasema hata nikilipwa. Akauliza mbona sichori, kutoka pale juu anaona karatasi za wote. Nikamwambia siwezi, naona aibu; kama ni kurudia mwaka, nitarudia. Akakaza mkanda wa koti, akaenda zake, na nyayo zake chafu zimebaki sakafuni.

Nimekasirika na zile nyayo hadi sasa.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika hapa hapa studio, daftari liko nyuma ya ubao wa kuchorea. Mikono lazima ifanye kitu.

Siku ya mwisho. Kapanda jukwaani — kanipa mgongo. Mkao wa jana upande ule, yeye kageukia ukuta kabisa. Kelele! Picha za watu zimefika nusu, wamebaki na tumbo lisilo na mwenyewe. Bibi Miwani kamwomba kwa upole ageuke. Kamwomba bila upole. Baba mdogo kajibu taratibu, kwa lugha yao, kwamba leo atasimama hivi. Bibi Miwani kasema basi asihangaike kurudi tena, kesho wala siku yoyote, na katoka kwenda kuleta mwingine. Ndiyo-Ndiyo kichwa kinatikisika.

Hakuna anayejua kwa nini kageuka. Mimi najua.

Malkia ndiye aliyesema, kwa sauti, kwa lugha yetu: zee chafu hilo, linatuharibia mtihani.

"Huyo ni baba yangu mdogo!"

Nimesema. Imeshatoka. Darasa zima limenigeukia, mikaa juu. Malkia mdomo wazi. Ndiyo-Ndiyo kwa mara ya kwanza kichwa kimesimama. Leo jioni simu zitalia nyumbani, na baba ataiondoa ile picha ukutani au ataivunja, sijui.

Nikamwambia shuka, baba mdogo, vaa, twende zetu. Hakugeuka hata shingo.

"Kaa chini, mama. Sijashushwa bado. Chora."

Bibi Miwani karudi. Nyuma yake kijana mwembamba, kavaa koti la kuogea jipya, jeupe. Bibi Miwani anamwambia baba mdogo ashuke. Anarudia. Hashuki, hatikisiki, wala kidole. Mgongo wenyewe una vipele, una mabaka, mkanda wa suruali umeacha mstari mwekundu. Unatia kinyaa, siwezi kudanganya.

Kwenye karatasi nimeshapata bega moja. Nahangaika na la pili.