Washa Uliyonificha, Mjomba

Mjomba wangu uliyehamia Makwale,

Pikapu yako imefika hapa gereji, Mbugani, ikivutwa na trekta. Dereva wako kasema macho yako hayaoni tena vitu vidogo, na kwamba umesisitiza distributa niifungue mimi, si fundi mwingine. Nilicheka. Halafu nikakasirika mpaka nikakaa chini.

Unakumbuka miaka saba tuliyoshika spana pamoja? Ulinifundisha pistoni, ringi, beringi, na kukaza silinda hedi kwa mpangilio wake. Mikono yangu ikijaa oili, ulinimenyea ndizi ya kuchoma ukanilisha mbele za watu, huna aibu. Nilikupenda, mjomba. Ila kila tulipofika kwenye distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, ulinituma. Mara nikalete chai, mara nikamwone mwenye gari. Nikirudi, umeshafunga. Mimi mjinga nikadhani unanihurumia nipumzike.

Ulipostaafu ukaniachia gereji, na injini tatu za kwanza nilizofumua zote zilirudi. Zinamisi, moto unarukaruka, hazipandi mlima wa Tukuyu. Nilikuja kwako na kanga kiunoni, nikakuuliza huku nalia, nakosea wapi. Ukaniambia, "Binti, hiyo inataka mkono. Wewe huna."

Jumapili yake, nje ya kanisa, ukawaambia wateja wangu kwamba mwanamke atafunga injini yote lakini moto utamshinda. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, alikuwa amesimama hapo hapo anasikia. Wateja wakanikimbia mmoja mmoja. Angesema mtu baki ningesema ndiyo dunia, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Leo nimeifungua. Juu ya gia ya shafti nimekuta washa mbili, vile vipete bapa vya kujaza nafasi, ulizokata kwenye bati la kopo la maziwa, zimeliwa, na shafti inacheza juu na chini. Ikicheza hivyo, moto hauwezi kupiga kwa wakati wake. Nikakata nyingine. Nilipoweka nene, shafti ilikaza. Ingepata joto ikakwama, ikavunja gia. Nikapunguza, nikapima, mpaka ikabaki nafasi ya unene wa jalada la daftari. Basi. Hakuna cha mkono hapo. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa dakika kumi hizo ulikubali niaibike.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: nililia mbele yako hukusema, gari lako lilipolala ndipo ukaona heri siri ifichuke.

Limepona, linanguruma vizuri. Nimelifunga sawasawa kwa sababu jina lililo ukutani sasa ni langu. Mtume dereva alichukue. Usije mwenyewe, mjomba. Ukija itanibidi nikuamkie, na shikamoo ya kukupa sina.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako