Somo la Mazishi

Mutomo,
12 Septemba 2023

Mpendwa Mjomba Mutiso,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nunguni, wewe na Mama Kavindu, na kwamba lile goti limekupa nafuu. Baridi yenu na magoti ya uzee havipatani, lakini wewe huambiliki. Sisi huku jua limekausha kila kitu, mbuzi wamebaki mifupa, na bado tunashukuru.

Mimi si mzima. Huku kukwaruza kwa sauti tangu Pasaka kumbe ni uvimbe kooni, na Ijumaa napasuliwa. Daktari hakunificha: sauti huenda isirudi. Naogopa sana, Mjomba, na hapa kanisani nimemwambia mwanafunzi wangu Mwongeli peke yake.

Unajua hatuna mchungaji wa kukaa. Kundi hili linalishwa na wale ninaowafundisha Biblia, kama ulivyonifundisha wewe. Lakini kila nikimkomaza mmoja, anahama. Musyimi amesimamisha hema upande wa pili wa soko, na spika yake inatufunika hata tukiwa kwenye maombi. Muindi naye akaenda kuanzisha kanisa lake, na nusu ya kwaya. Kazi yangu imekuwa kuwazalia watu makanisa.

Wote wawili waliondoka baada ya kuwapa somo la kuhubiri mazishini. Hapa kwetu mhubiri hupimwa kaburini. Akiwafariji wafiwa vizuri, Jumapili inayofuata watu wanamtafuta yeye. Ndiyo maana Mwongeli nimekuwa nikimnyima somo hilo. Nilimpa Warumi, nikampa Waebrania, nikarudia Warumi. Ni hodari kuliko wenzake, na ndiye pekee aliyebaki. Naye akiniacha, wale akina mama wa benchi la mbele wasiojua kusoma watafundishwa na nani?

Jana niliona maji yamenifika shingoni, nikamwita nimfundishe. Nilimwambia asikimbilie mbinguni, aanze na marehemu, amtaje kwa jina.

Akaniuliza, "Sasa mwalimu, nijaribu na matanga ya nani?"

"Jaribu na yangu," nikamwambia.

Alisimama vizuri, akafungua Biblia, akawapa wafiwa pole. Alipofika kwenye jina langu alishindwa kulitaja, akakaa chini, akalia mpaka tukafunga kanisa.

Sijui kama atakaa ama ataondoka. Nimechoka kukisia. Ninachokuomba ni uje Jumapili, hata kwa fimbo, ukae mbele. Akisimama kuhubiri, mwitikie amina kwa nguvu, maana mimi sitaweza.

Msalimie Mama Kavindu, na Nzomo na watoto wake. Mungu awape mvua kabla yetu, mradi atukumbuke.

Na kama Ijumaa nitalala nisiamke, Mjomba, pale kaburini usikubali mtu mwingine ashike maiki. Mngojeeni Mwongeli, hata akikawia, mpaka alitaje jina langu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Kanyiva