Mtamba Aliyerudishwa

Nyansiongo,
Jumapili asubuhi

Kwako dada yangu mpendwa Nyanchama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mnaendeleaje huko Nakuru? Mwanao Marion amepona kile kikohozi? Huku tu wazima. Mvua ni nyingi, chai inachumwa bila kupumzika, na Mama bado anakataa kukaa chini.

Dada, nakuandikia kwa kuwa jambo hili limenishinda kusema kwa simu. Obwocha ametoka jela. Ndiyo, yule yule jirani aliyempiga ndugu yetu Mokua kwa jembe kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, Mokua akafa. Wiki iliyopita alikuja nyumbani akivuta ng'ombe, mtamba mzuri mwenye mimba ya kwanza. Akapiga magoti pale penye matope, akamwambia Mama kwamba anajua mtamba huyo hatoshi kulipia uhai wa Mokua, ila ampokee tu, ili naye apate uso wa kuingia kanisani.

Mimi nilitaka Mama ampokee mtamba, kisha amfukuze aliyemleta. Hilo ningelielewa. Lakini Mama alimtazama sana, akasema, "Mrudishe. Mwanangu hana bei. Na damu ya kulipia dhambi ilishamwagika msalabani, mimi ni nani nidai nyingine? Wewe ingia ndani unywe chai."

Akaingia! Tena akakalia kiti cha Mokua, maana hakujua. Nilitoka nikasimama kwenye migomba. Baadaye nilimuuliza Mama kama amesahau. Akanijibu kuwa humlilia Mokua kila anapokwenda kuchota maji, na kwamba neema si kusahau. Sikuelewa. Nikamwendea mzee wa kanisa, Angwenyi, naye akanieleza habari za sadaka na Kuhani Mkuu mpaka nikachanganyikiwa zaidi. Kama Obwocha anaingia bure, damu ya Mokua ni nini basi? Na kama ni lazima alipe kwanza, mimi nami nitamwendea Mungu na nini mkononi?

Sasa nikwambie la jana, kabla hujalisikia kwa watu. Ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Wanaume tulipokwenda kutawadhana miguu kabla ya mkate na divai, kila mtu alimshika mwenzake. Obwocha akabaki peke yake kwenye benchi, viatu mkononi. Dada, sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimepiga magoti mbele yake na beseni, naosha miguu ya mtu aliyemuua ndugu yetu. Visigino vyake vimepasuka vibaya. Alilia. Mimi sikulia, wala ile amani inayohubiriwa sikuiona. Hasira ilikuwepo ileile, lakini mikono haikuacha kuosha. Kisha yeye akainama kuosha yangu, nami nikamwachia.

Ukiniuliza kama nimemsamehe, nitakwambia tu kwamba niliosha miguu yake. Ukiniuliza kama nimemsaliti Mokua, hilo ndilo ninalokuuliza wewe. Tafadhali usichelewe kunijibu.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anawaombea.

Mdogo wako,
Haron